Mpiga makasia haoni aendako

Mpiga makasia husafiri kinyumenyume. Uso wake unatazama tezi, yaani nyuma ya boti, mgongo unatazama omo, yaani mbele yake, na boti inakimbilia kule ambako hana macho. Nahodha wa jahazi huona aendako, na mvuvi mwenye kafi huketi akitazama mbele. Huyu wa makasia marefu na kiti cha kuteleza ameuza macho akanunua nguvu: miguu, mgongo na mikono vyote vinavuta pigo moja, mwendo unakuwa mkubwa, na bei yake ni kutoona. Kwa hiyo sehemu kubwa ya usalama wa mchezo huu haiko mikononi mwa anayevuta. Iko kwa wengine, ambao lazima wamwone mapema au waone kwa niaba yake.

Mahali pazuri pa kulitazama jambo hili kwa karibu ni Mto Charles, unaopita kati ya Boston na Cambridge katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Mto umezibwa kwa bwawa karibu na bahari, hivyo maji yake ni tulivu na mkondo ni mdogo siku nyingi za mwaka. Humo wanafanya mazoezi wanafunzi wa Harvard, MIT na Boston University, watoto wa sekondari, wastaafu, watu wenye ulemavu na wafanyakazi wanaotaka kutoa jasho kabla ya kuingia ofisini. Hawa wa mwisho wengi wao hupitia Community Rowing, Inc., iliyoanzishwa mwaka 1985 ili mtu wa kawaida apate boti bila kuwa mwanafunzi wa chuo wala mwanachama wa klabu ya watu wachache. Jengo lake la Brighton lilifunguliwa mwaka 2008 na limepewa jina la Harry Parker, kocha wa miaka mingi wa Harvard. Kisha Oktoba, wikiendi moja kabla ya ile ya mwisho, mto huohuo hupokea Head of the Charles, mbio zilizoanza tarehe 16 Oktoba 1965 ambazo leo huvuta wapiga makasia zaidi ya 10,000. Watu wa kujitolea wanaohitajika kuziendesha wanapita elfu moja.

Kwanza hesabu, kwa sababu ndiyo inayoeleza kila kanuni inayofuata. Boti ya watu 8 ina urefu wa mita 17 hivi. Kanuni za kimataifa zinataka isipungue kilo 96 ikiwa tupu, na ikishapakia watu wake na mshika usukani inapita kilo 800. Katika mazoezi ya kawaida inakwenda karibu mita 4 kwa sekunde. Boti mbili za namna hiyo zikielekeana, nafasi kati yao inapungua mita 8 kila sekunde, na mita 100 zinaisha kwa sekunde 12 na nusu. Ndani ya muda huo mtu anatakiwa aone kitu, atambue kuwa ni boti, aamue, apaze sauti, na watu 8 waache kuvuta, walaze mabapa ya makasia juu ya maji kisha wayasimamishe wima ili kuzuia mwendo. Ukiwa na taa inayoonekana kwa mita 50 tu, umempa mwenzako sekunde 6. Amri haiwahi.

Na siyo boti zote zina upofu wa aina moja. Ya mtu mmoja, ya wawili na ya wanne isiyo na mshika usukani hazioni mbele kabisa. Wanategemea mtu wa omo ageuke. Boti ya wanne yenye mshika usukani siku hizi humlaza chali kwenye omo, kichwa tu kikichungulia juu ya sitaha. Huyo anaona mbele vizuri lakini nyuma haoni kitu, na kwa kuwa anazungumza na wenzake kwa maikrofoni, kelele zako kutoka ufukweni huenda zisimfikie. Boti ya watu 8 ndiyo inayodanganya zaidi. Mshika usukani ameketi tezi, akitazama mbele, na kila mtu mtoni anamchukulia kuwa anaona. Anachokiona ni migongo. Ameketi chini, karibu usawa wa maji, na mbele yake kuna watu wanane wanaokwenda mbele na nyuma. Boti ndogo ya mtu mmoja ikiwa imesimama mstari mmoja naye, inapotea nyuma ya migongo hiyo mpaka iwe karibu mno. Mshika usukani mzuri huyumbisha boti kidogo kushoto na kulia kila baada ya mapigo kadhaa ili afungue pembe ya kuona. Mpiga makasia wa boti ndogo naye akijua hivyo, hatasimama kunywa maji katikati ya njia akidhani kwamba yule mwenye macho atamkwepa.

Giza ni sehemu ya mchezo, si ajali. Wenye kazi za mchana huingia majini saa kumi na moja na nusu alfajiri, na katikati ya Oktoba jua la Boston huchomoza karibu saa moja. Novemba, saa zikisharudishwa nyuma, wa jioni nao huingia gizani, maana jua huzama kabla ya saa kumi na moja. Sheria ya msingi ni Kanuni ya 25 ya kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana, na kanuni za maji ya ndani za Marekani zinasema vilevile: chombo cha makasia kinaweza kuwasha taa za chombo cha tanga, na kisipowasha kiwe na tochi au taa nyeupe tayari, ionyeshwe mapema kabla ya hatari. Kanuni hiyo inamhusu pia anayetoka na mtumbwi usiku Kunduchi au Shimoni. Lakini kwa mpiga makasia njia ya tochi haifai. Mikono yote miwili iko kwenye makasia, na akiyaachia tu boti inapinduka. Ndiyo maana vilabu vya Charles vinadai taa zilizofungwa kwenye boti: nyekundu na kijani omo, nyeupe tezi.

Hapo ndipo kosa la kwanza la wageni linapotokea. Nyekundu ni kushoto kwa boti, kijani ni kulia kwa boti, na boti haijali wewe umekaa vipi. Kwa kuwa umegeukia nyuma, mkono wako wa kulia uko upande wa kushoto wa boti. Anayefunga taa akiwa tayari ameketi kwenye kiti chake huzigeuza, na mwenye boti ya injini anayemwona anaamini kwamba anakwenda upande usio wake. Jaribio lake ni rahisi, na hufanyika gatini kabla mtu hajakaa: simama mbele ya omo, uitazame boti. Nyekundu iwe mkono wako wa kulia, kijani mkono wako wa kushoto. Taa za pembeni kila moja hutupa mwanga nyuzi 112.5 kutoka mbele kwenda ubavuni, na ya nyuma nyuzi 135. Zikijumlishwa zinafunga duara zima. Zikifungwa zimepinda, kunabaki kipande cha duara ambacho boti yako haimo duniani.

Kosa la pili ni taa ya tezi. Mpiga makasia ndiye anayeitazama, saa nzima. Taa nyeupe isiyokingwa inampiga machoni na kumuua uwezo wa kuona gizani, kwa hiyo akigeuza kichwa kutazama mbele haoni hata nguzo ya daraja. Dawa ni kipande cha utepe mweusi wa umeme upande unaomtazama, mwanga ubaki wa kwenda nyuma tu. Watu hulipa hela nyingi kwa taa kali halafu wakaikosa hii ya senti chache.

Kuhusu mahali pa kuifunga: sitaha ya boti ya mtu mmoja iko chini sana, sentimita chache tu juu ya maji. Taa iliyolazwa juu yake hufichwa na wimbi dogo la boti ya injini. Inafaa iinuliwe juu ya kijiti kifupi au kitako cha mpira chenye kunyonya. Gundi ya utepe wa kushikanisha haishiki kwenye sitaha yenye mafuta ya kung'arishia. Ifute kwanza kwa spiriti, iache ikauke, ndipo ubandike. Halafu uifunge na kamba nyembamba, maana siku itakapobanduka utaitaka. Betri za kawaida hunywea kwenye baridi. Taa iliyowaka vizuri chumbani hufifia baada ya dakika 40 mtoni, na aliye ndani ya boti ndiye wa mwisho kujua, kwa sababu taa ya omo iko mgongoni mwake. Betri za lithiamu huvumilia zaidi. Taa ya kumweka-mweka huvuta jicho haraka kuliko ya kutulia, ila humfanya mtazamaji ashindwe kupima umbali na mwelekeo, kwa hiyo iwe nyongeza, isiwe badala ya taa za rangi.

Tukija kwenye nguo, kuna vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Rangi ya kung'aa ya fulana za mafundi wa barabarani inafanya kazi kwa kugeuza miali ya jua isiyoonekana kuwa mwanga unaoonekana; inang'aa sana alfajiri kunapopambazuka na siku ya mawingu, lakini usiku wa giza ni nguo ya kawaida. Utepe wa kurudisha mwanga, ule wa fedha, hauwaki wenyewe. Unamrudishia mwanga yule aliyeutoa. Barabarani kila gari lina taa za mbele, kwa hiyo unafaa. Mtoni hakuna mwenye taa za mbele. Boti za makasia hazina, na boti za makocha huwasha kurunzi pale tu wanapotafuta kitu. Utepe huo ni mzuri siku ukiwa majini umepinduka na wanakutafuta; kwa kuzuia kugongwa hauna msaada mkubwa. Cha tatu ni taa yenyewe, na gizani hicho tu ndicho kinachohesabika.

Mchana na mapambazuko, rangi ni silaha, mradi ichaguliwe kwa kutazama kingo za mto. Miti ya Massachusetts mwezi Oktoba ni ya manjano, rangi ya chungwa na nyekundu, na vivuli vyake vinaanguka majini. Fulana ya rangi ya chungwa, ambayo Julai ilionekana umbali wa daraja hadi daraja, inamezwa. Kijani cha ndimu na waridi kali vinabaki. Sare za vilabu vingi, kwa bahati mbaya, ni bluu ya giza au nyeusi, na zinapendeza kwenye picha. Ikiwa kuna fulana moja tu ya kung'aa kwenye boti nzima, avae mtu wa omo, na siyo anayeongoza mapigo kule tezi. Mgongo wa mtu wa omo ndio uso wa boti kwa anayekuja mbele yake. Kofia ya rangi hiyohiyo inaongeza, kwa kuwa kichwa ndicho kilicho juu kuliko vyote na kinatembea. Kitu kingine kinachotembea ni mabapa ya makasia. Mabapa meupe au ya rangi kali yanayopanda na kushuka huonekana kabla ya boti yenyewe. Yakipakwa rangi ya giza, unapoteza ishara ya bure.

Taa na rangi haviwezi kufuta hitaji la njia. Charles huendeshwa kama barabara ya Marekani: kila boti hukaa upande wake wa kulia, ubavu wa kulia wa boti ukiwa karibu na ukingo, hivyo mto mzima unazunguka kinyume cha saa. Kila daraja lina tao la kupandia na tao la kushukia, na ramani hiyo hubandikwa kwenye kila nyumba ya boti. Asiyeijua haruhusiwi kuingia majini peke yake. Mwenye boti ya peke yake hugeuka kutazama kila mapigo matano hivi, mara bega hili mara lile, wakati mikono inapokwenda mbele na boti imetulia. Akigeuka katikati ya kuvuta, kasia moja hunaswa na maji na boti hulala. Kuna wanaobandika kioo kidogo kwenye kofia. Kinasaidia kukaa kwenye mstari, hakitoshi kuona mtumbwi wa mtalii unaokatiza kutoka pembeni.

Kisha zinakuja siku zile ambazo njia hii ya kila siku inavunjwa kwa makusudi.

Head of the Charles ni mbio za kushindana na saa. Boti hazipangwi sambamba. Zinaachiwa moja moja, kama sekunde 15 kati ya moja na nyingine, karibu na nyumba ya boti ya Boston University, na zinapanda mto maili 3, yaani kilomita 4.8, hadi kupita daraja la Eliot. Katikati kuna madaraja ya River Street na Western Avenue, daraja la waenda kwa miguu la Weeks, na lile la Anderson. Kwa kuwa mwenye kasi humkuta aliye mbele, kupita ni lazima, na sheria ni kwamba anayepitwa humpisha anayepita, tena kwa upande aliouomba mpitaji. Asiyepisha huongezewa sekunde kwenye muda wake. Anayetoka nje ya mstari wa maboya naye huongezewa.

Weeks ndipo penye watazamaji wengi, na sababu haifichwi: wanakuja kuona boti zikigongana. Njia inapinda kushoto kwa ghafla palepale kwenye tao. Upande wa kulia wa boti unatakiwa uvute kwa nguvu zote, wa kushoto upunguze, na usukani uanze kukatwa kabla boti haijaingia chini ya daraja. Anayesubiri mpaka aone upande wa pili amechelewa. Boti ya mita 17 haigeuki kwenye urefu wake. Inakwenda moja kwa moja kuelekea ukingo, makasia ya kulia yanagusa maboya au boti ya jirani, na nyuma yao inakuja nyingine baada ya sekunde 15. Mwamuzi wa kujitolea aliye pale hahitaji kujua nani ana kosa. Anahitaji kuandika namba za boti, saa, tao gani, nani alikuwa mbele, na alichokiona kwa macho yake. Ripoti inayosema "namba 14 alifanya uzembe" haina thamani kwa jopo la waamuzi; inayosema "omo ya 27 ilikuwa sambamba na kiti cha 4 cha namba 14, na 14 hakubadili mwelekeo" inamaliza ubishi.

Kazi nyingi za kujitolea hazihitaji uwe umewahi kushika kasia. Gatini, kwa mfano. Boti ikirudi, msaidizi hupiga magoti, hadaki omo wala ile mikono ya chuma inayoshika vilete (vishikio vya makasia), hudaka mti wa kasia la upande wa gati na kuuvuta polepole juu ya mbao. Mguu usiingie kamwe kati ya boti na gati. Chini ya tezi kuna pezi dogo la plastiki au bati jembamba, na ndilo linalovunjika zaidi siku ya mashindano: watu wanaipindua boti kuelekea gatini badala ya kuinyanyua moja kwa moja kwanza, pezi linakwangua mbao, na boti inayofuata kutumiwa na timu nyingine haina uelekeo. Boti inayotoka, makasia hushushwa kabla yake, viatu hutupwa kwenye ndoo yenye namba ya boti, na timu ikae gatini dakika moja au mbili, basi. Msimamizi mpole kupita kiasi hapa husababisha foleni, foleni husababisha watu kukimbilia mstari wa kuanzia bila kupasha mwili, na wanaokimbilia ndio wanaokosa njia.

Kabla ya hapo kuna meza ya ukaguzi. Mkaguzi anaminya kitufe cha mpira mweupe kilicho kwenye ncha ya omo. Kipenyo chake kwa kanuni za kimataifa hakipungui sentimita 4, na kazi yake ni kuzuia ncha kali isimchome mtu ikitokea kugongana. Kikiwa kimelegea au kimefungwa kwa gundi ya karatasi, boti hairuhusiwi. Kisha anaingiza mkono ndani na kuvuta kisigino cha kila kiatu kilichofungwa kwenye boti. Kamba iliyopo lazima izuie kisigino kupanda zaidi ya inchi 3, ili boti ikipinduka mguu uchomoke wenyewe kutoka kwenye kiatu. Kamba hizi huoza bila mtu kugundua kwa sababu ziko gizani chini ya sitaha, na watu huzifunga upya kwa fundo refu ili wapate nafasi ya kunyoosha miguu. Kwa wapiga makasia wenye ulemavu wanaofungwa mkanda kifuani, mkanda lazima uachie kwa mvuto mmoja wa mkono. Mkenya Asiya Mohamed Sururu, aliyeshiriki Paralimpiki za Tokyo, alishindana katika kundi la wanaovuta kwa mabega na mikono peke yake, ambalo boti zake huwa na maboya mawili pembeni ya kuzuia kulala.

Kule Worcester, mji mwingine wa Massachusetts, kwenye Ziwa Quinsigamond, mbio ni za mita 2,000 na boti huanza sambamba. Huko kuna kazi ambayo wageni huiona ni mzaha mpaka waifanye. Vyelezo vidogo vimetiwa nanga kwenye mstari wa kuanzia, na juu ya kila kimoja mtu analala kifudifudi, mikono imenyooshwa juu ya maji, ameshika tezi ya boti kwa vidole. Mpangaji mstari aliye ufukweni humwamuru kwa redio: vuta nyuma sentimita 30, sogeza mbele kidogo, tulia. Upepo wa ubavu unasukuma omo, watu wa omo wanapiga vipigo vidogo kuinyoosha, na kila kipigo kinamvuta aliyelala. Ikitolewa ishara, anaachia tu. Hasukumi, akisukuma ameipa timu hiyo faida, na akichelewa kuachia ameipotosha. Tumbo linalowa, viwiko vinaota michubuko. Avae suruali ya mvua na jaketi okozi, na kipande cha godoro la mazoezi chini ya kifua.

Boti za uokoaji si za wageni. Dereva huvaa kamba ya kuzimia injini, mkononi au gotini, hata kama anasogea mita kumi tu. Ndani kuna jaketi okozi 9, kwa sababu boti kubwa ina watu 9. Mfuko wa kamba inayoelea ya mita 15 hadi 20. Ngazi fupi, mablanketi ya karatasi ya fedha, kisu, honi, kafi la akiba na redio. Sheria ya shirikisho ya Marekani haizilazimishi boti za mbio kubeba majaketi, na kwa hiyo ni boti ya kocha inayoyabeba kwa niaba yao. Boti ikijaa maji, wanaohama ni watu kutoka kwenye viti, si kutoka kwenye boti: wanabaki wameishika, inaelea hata ikiwa imezama usawa wa maji. Wanahesabiana kwa sauti kuanzia omo. Dereva anakuja taratibu, anaweka gia huru akiwa bado mbali kidogo, anazima injini kabla mtu hajafika karibu na propela, na anapandisha wawili wawili, mmoja kila ubavu ikiwezekana, akianza na anayenyamaza. Anayepiga kelele bado ana nguvu.

Maji baridi yana ratiba yake, na wakufunzi huifundisha kwa namba tatu: dakika 1 ya kutawala pumzi baada ya mshtuko, dakika 10 za mikono na miguu inayotii, na kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Watu wengi waliokufa kwenye maji baridi hawakuifikia saa hiyo. Walikufa katika dakika ya kwanza kwa kumeza maji, au baada ya kumi kwa kushindwa kujishika. Kwa hiyo vilabu vingi maji yakipoa huzuia boti za mtu mmoja zisitoke bila boti ya kocha karibu. Mikanda okozi ya kiunoni inayojazwa kwa mtungi mdogo wa gesi ni mizuri kwa wapiga makasia, lakini mtungi hupimwa kwenye mizani kila msimu na kulinganishwa na uzito uliogongwa juu yake, kwa kuwa mtungi mtupu hauna tofauti na uliojaa ukiutazama. Na kuogelea kunatangulia vyote. Mtu mzima aliyekulia bara, ambaye hajawahi kuogelea, anaanza kwenye bwawa la kuogelea, halafu anakuja mtoni.

Anayetaka kujitolea ajiandikishe kiangazi, kabla nafasi nzuri hazijaisha. Wanaoishi Lowell, mji wenye Wakenya wengi, wana Textile River Regatta kwenye Mto Merrimack, mbio ndogo za vuli ambako msimamizi ana muda wa kumfundisha mgeni. Zamu ni ya saa nne hadi sita, tena ya kusimama. Wapiga makasia wanatoa jasho, wewe huna cha kukupasha, kwa hiyo nguo tatu juu ya nyingine, viatu visivyoingiza maji, glavu ambazo unaweza kuandikia, na chupa ya chai. Penseli ni bora kuliko kalamu. Wino haukubali karatasi iliyolowa. Kwenye redio taja kwanza ulipo, kisha namba ya boti, kisha watu wangapi wako majini na kama wamehesabiwa wote. Maelezo mengine yasubiri.

Ukipangiwa kushika saa kwenye mstari wa kumalizia, andika muda pale kitufe cheupe cha omo kinapokata mstari, na uandike hata kama namba hukuisoma. Muda usio na namba hupatiwa mwenyewe baadaye kwa kulinganisha na orodha ya walioanza. Namba isiyo na muda haitengenezeki. Orodha mbili hizo, ya walioachiwa na ya waliofika, ndizo zinazoamua lini watu wa kujitolea wanaruhusiwa kwenda nyumbani. Zikitofautiana kwa boti moja, boti za uokoaji hurudi mtoni na tao kwa tao hukaguliwa. Mara nyingi hukutwa timu imetia nanga kwenye gati ya klabu ya rafiki zao, kilete kimevunjika, wanakula, na hakuna aliyekumbuka kutoa taarifa.